Maisha yakikubana: ujibane peke yako au ukimbilie kwa ndugu?

Mwaka 2019 mkataba wangu wa kazi ya stoo uliisha na bosi akasema hauendelei. Nilikuwa na shilingi 480,000 kwenye simu, chumba kimoja Mbagala, Dar es Salaam, ambacho kodi yake ilikuwa imebaki miezi miwili, na mjomba mwenye nyumba yake Tabata. Siku ya tatu mjomba akanipigia: "Mjomba, njoo huku kwanza, mambo yatakaa sawa." Nikamjibu, "Nashukuru mjomba, ila acha nipambane." Jibu hilo lilinigharimu 210,000, na hesabu yake naiweka hapa chini.

Namwandikia mtu aliye mjini, kipato kimekatika au kimepungua hadi hakifiki mwisho wa mwezi, ambaye kila akilala anajiuliza aendelee kujibana peke yake au akabishe hodi kwa ndugu. Mengi anayoambiwa ni methali zinazogombana. Huyu anamwambia mtegemea cha nduguye hufa maskini, yule anamwambia damu nzito kuliko maji, na wote wawili wanaongea wakiwa wameshiba.

Hesabu ya miezi miwili

Mbagala, peke yangu, chakula kilikula 4,000 kwa siku. Hiyo ni chai na chapati mbili asubuhi, na jioni ugali au wali maharage kwa mama ntilie. Mchana nilikuwa naruka. Kwa mwezi 120,000. Maji ya dumu na umeme wa kuchangiana na wapangaji wenzangu, 15,000. Nauli na vocha 45,000, maana kutafuta kazi ni kutembea na kupiga simu. Jumla 180,000 kwa mwezi, miezi miwili 360,000. Ongeza kutoa kopi vyeti, picha za pasipoti na elfu mbilimbili za walinzi wa getini, kama 50,000 hivi. Nikabaki na 70,000, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, 50,000 mara sita.

Kwa mjomba hali ingekuwa hivi. Chakula ni cha sufuria moja na hakuna anayekudai. Umeme wa Luku ningenunua wa 10,000 kila baada ya wiki mbili. Hakuna aliyeniomba, ila mtu mzima huwezi kukaa kwa watu kazi yako ikawa kuchaji simu tu. Nauli na vocha ni zilezile 45,000, sabuni na vitu vidogo vidogo 10,000. Jumla 75,000 kwa mwezi, miezi miwili 150,000, pamoja na zile 50,000 za kopi na walinzi. Ningebaki na 280,000.

Nilikwenda kwa mjomba hatimaye, baada ya ile miezi miwili, na 70,000 yangu na begi la nguo ambazo hazijafuliwa. Ndipo nilipoona kosa langu liko wapi. Kujitegemea hakukuwa kosa, na kwenda kwa ndugu hakukuwa kosa. Nilivipanga kinyume. Wengi wetu tunaanza kujitegemea wakati akiba bado ipo, tunaila yote ili tusionekane tumeshindwa, halafu tunamfuata ndugu tukiwa watupu. Anayefika na laki nne ni mgeni aliyekuja kujipanga, na hata maongezi yake mezani yanakuwa ya mipango. Anayefika na elfu sabini anaongea kidogo, anakula haraka, na kila mtu ndani anajua kwamba hakuna tarehe ya kuondoka.

Kabla hujachagua lolote, kuna jambo moja la kufuatilia kama ulikuwa na ajira rasmi. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wana fao la kukosa ajira: aliyechangia angalau miezi 18 hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi sita. Aliyeacha kazi kwa hiari yake halipati. Mimi nilikuta mwajiri amepeleka michango ya miezi kumi na moja tu katika miaka miwili na nusu, safari yangu ikaishia dirishani.

Deni lisiloandikwa

Sasa tuseme ukweli kuhusu kukaa kwa watu, maana hapo hesabu ya pesa haitoshi.

Nililala sebuleni. Godoro nilikuwa nalikunja kabla ya saa 11 alfajiri, kwa sababu mjomba hunywa chai yake pale na watoto hujiandaa shule. Usiku siwezi kulala mpaka tamthilia iishe. Nikageuka kuwa mtu wa kutumwa wa nyumba nzima: mkaa, gesi, kumpeleka mtoto kliniki, kukaa na fundi bomba. Sikulalamika, ila siku nzima ikikatika vipande hivyo, kazi utaitafuta saa ngapi? Mke wa mjomba, ambaye sote tunamwita Anti, hakuwahi kunitolea neno baya. Lakini wiki za kwanza kipande changu cha samaki kilikuwa cha katikati, na kufika wiki ya sita kikawa mkia. Sikumlaumu. Samaki ni yuleyule na watu wameongezeka.

Peke yako hakuna anayekuhesabia vipande. Unaamka unapotaka, unakwenda unakotaka, unashindwa bila watazamaji. Bei ya uhuru huo ni kwamba hakuna anayejua hujala. Mbagala niliwahi kulala siku mbili na maji tu, na jirani yangu, ukuta kwa ukuta, alinisalimia asubuhi zote mbili, "Mambo?" nikasema, "Poa." Kwa mjomba uongo huo usingefika hata saa nne asubuhi.

Deni la ndugu halina karatasi, na hapo ndipo wema wake na ubaya wake vinapokaa pamoja. Ni jema kwa sababu hakuna riba wala tarehe. Ni baya kwa sababu haliishi. Mwaka wa saba huu tangu nitoke Tabata, na mjomba akisema "nina shughuli kidogo Jumamosi," siulizi ni shughuli gani.

Mwalimu Nyerere alipokuwa akieleza maana ya ujamaa, mwaka 1962, aliitumia methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wanaolitaja Azimio la Arusha la 1967 ili wakwambie ujitegemee husahau kwamba jina la siasa yenyewe lilikuwa Ujamaa na Kujitegemea, yote mawili kwa mpigo, na neno ujamaa limetoka kwa jamaa. Jembe analopewa mgeni siku ya tatu ni la mwenye nyumba, ila jasho ni la mgeni. Kwa hiyo ukifika kwa ndugu usingoje kupewa jembe, liombe. Mimi nililipewa kwa kuchelewa: wiki ya saba mjomba alinikabidhi ufunguo wa kibanda chake cha barabarani kilichokuwa kimefungwa, akasema uza chochote. Niliuza nyanya, vitunguu na dagaa. Kipande cha samaki kikarudi katikati ndani ya mwezi mmoja.

Ukirudi kijijini, angalia mwezi

Hapa naongelea kwetu Njombe na mikoa ya kusini yenye mvua za msimu mmoja. Watu hufukuzwa na jiji mwezi wowote ule, wakapanda basi wakidhani shamba lipo likiwangoja. Ukifika Januari au Februari, ghala la mahindi limeshuka, mavuno mapya bado yako mbali, na mbegu na mbolea zimeshanunuliwa. Wewe unakuwa mdomo ulioongezeka wakati mbaya kuliko yote. Ukifika Oktoba mwishoni au Novemba, kabla mvua hazijashika, unalima nao, unapanda nao, unapalilia nao, na mahindi ya mwaka unaofuata ni yako kwa haki. Kwenye vuli na masika, kama Tanga au Kilimanjaro, milango ni miwili kwa mwaka, kidogo kuna nafuu.

Na kuna njia ya katikati ambayo watu wa mjini wanaidharau: usirudi wewe, chakula kije. Kiroba cha unga na maharage kikipakiwa kwenye basi jioni, unakipokea stendi ya Magufuli kule Mbezi kwa nauli ya mzigo tu. Kwa mtu anayekula 120,000 kwa mwezi, kiroba kimoja kinashusha sana hesabu. Mama yako anafurahi kutuma kuliko wewe unavyoona haya kupokea.

Mtaji usiuombe kwa ndugu

Kwenye suala la mtaji nasimama upande wa kujitegemea bila kuyumba, na sababu yangu ni rafiki yangu mmoja dereva wa bodaboda.

Mgeni akikupa pikipiki kwa mkataba, mnaandikiana. Unapeleka hesabu kila siku, tuseme 10,000, kwa mwaka na zaidi, na siku ya mwisho kadi ya pikipiki inakuwa yako. Ni mkataba mgumu. Ukikosa hesabu siku kadhaa anakunyang'anya. Lakini unajua mwisho wake. Rafiki yangu hakutaka ugumu huo. Alipewa pikipiki na baba yake mdogo, bila karatasi, "tunajuana bwana." Alipeleka 7,000 kwa siku miaka miwili, matairi na oili juu yake. Kisha ada ya mtoto wa baba mdogo ikagoma, pikipiki ikauzwa Jumatatu, na yeye akaambiwa Jumanne. Alidai nini? Kwa nani? Kikao cha ukoo kilikaa, wazee wakasema ni mambo ya ndani, mzee asivunjiwe heshima. Angekuwa mgeni, mwenyekiti wa mtaa angeletewa karatasi.

Kwa hiyo mtaji uutafute kwa watu mnaoandikiana. Kikoba cha mtaa ndicho mlango wa kwanza: mnanunua hisa kila wiki, unakopa kwa kadiri ya hisa zako, mwisho wa mzunguko mnagawana. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 vikundi hivi vinatambuliwa kama daraja la nne la watoa huduma hizo na vinatakiwa kusajiliwa, kwa hiyo uliza namba ya usajili kabla ya kutoa hisa ya kwanza. Mlango wa pili ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 na ikarudi 2024. Inahitaji uvumilivu na safari nyingi kwa afisa maendeleo ya jamii, na kwa kawaida inatolewa kwa kikundi. Utaona hata huko kwenye kujitegemea huendi peke yako. Umebadilisha tu ndugu wa damu kwa ndugu wa daftari.

Usichokiendea ni mikopo ya kausha damu. Marejesho ya kila wiki, na ukichelewa wanabeba TV na jiko la gesi mbele ya watoto. Na ile mikopo ya kubonyeza kwenye simu ina uchungu wake wa pekee kwa mtu aliyekuwa anaficha shida zake. Ukichelewa siku mbili, meseji zinakwenda kwa majina yaliyomo kwenye simu yako: mama, shemeji, mchungaji, mwalimu wako wa zamani. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Ulikataa kumwambia mjomba kwamba umekwama, na sasa anaambiwa na mtu asiyemjua, tena kwa matusi.

Ugonjwa na msiba

Hapa sina ulinganisho mrefu. Mwaka 2020 nilifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Daktari alinitibu, lakini aliyenifanya nipone ni binamu yangu aliyekaa kwenye benchi la nje siku nne, akikimbia duka la dawa kila kinapokosekana kitu wodini, na Anti aliyeleta uji kwenye chupa ya chai asubuhi na jioni, kwa daladala, chupa imefungwa kwenye kanga. Kitanda cha pili yangu alikuwa kijana wa makamo yangu asiye na mtu. Nesi alikuwa akimgawia uji wetu kwa ruhusa ya Anti.

Ukiamua kujitegemea kabisa, basi nunua kidogo kidogo vile ambavyo ndugu wangekupa bure. Kata bima ya afya ya kaya; enzi za CHF iliyoboreshwa, bima ya afya ya jamii, mikoa mingi ilikuwa 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Na jiunge na chama cha kufa na kuzikana cha mtaani kwako, utoe mchango hata wa elfu mbili, ukabebe majeneza ya wenzako. Anayeishi mjini miaka kumi bila chama na bila kwenda misiba ya ukoo, siku yake ikifika wanatafutana kwa simu nani anamjua.

Wewe unapokuwa ndiye tegemeo

Mpaka hapa nimeongea kana kwamba wewe ndiye unayeomba. Mara nyingi ni kinyume: umebanwa, na bado meseji zinaingia. "Mwanangu mdogo wako karudishwa ada." "Kaka, bibi anaumwa." Kuna kundi la WhatsApp la ukoo, na kila wiki mhasibu wa kamati anabandika orodha ya waliotoa, jina lako likiwa chini na alama ya mshale.

Utii kwa familia si kutoa kila kinachoombwa. Mimi nilikata hivi, na wapo walioninunia. Mchango wa harusi situmi ninapokuwa nimebanwa, iwe kadi ya single au ya double. Naenda kanisani, napiga makofi, narudi kwangu. Wa msiba natoa hata elfu tano, na nikikosa naenda kuchimba au kupanga viti. Mama namtumia kiasi kilekile kila tarehe moja, kidogo, lakini hakikosi. Kabla ya hapo nilikuwa natuma 80,000 mwezi mmoja halafu kimya miezi mitatu, naye alikuwa anakopa dukani akitegemea zile 80,000 zitarudi. Elfu ishirini isiyokosa ilimtoa kwenye daftari la dukani. Tozo za miamala zilipoanza Julai 2021, yeye ndiye aliyeniambia nitume mara moja tu kwa mwezi, serikali isile hela ya chumvi.

Na kusema hapana, sema mapema. Ndugu anayeambiwa "sina" siku anayoomba anahangaika kwingine. Anayeambiwa "subiri Ijumaa" kwa Ijumaa tatu ndiye anayebaki na kinyongo, na ana haki.

Pale ambapo ndugu si kimbilio

Kuna nyumba ambazo hutakiwi kurudi, na ulinganisho wote wa hapo juu haukuhusu. Binti anayechukuliwa "akasome mjini" na kugeuzwa mfanyakazi wa ndani bila mshahara, huyo hapewi msaada, anautoa. Mwanamke aliyetoka kwenye ndoa ya kipigo akaambiwa na kaka zake arudi akavumilie, chumba cha peke yake cha 40,000 chenye bati linalovuja ni bora, hata kwa njaa. Mtoto anayeogopa kulala sebuleni kwa mtu fulani anajua sababu, na mkubwa anayemwambia "yule ni baba yako mdogo, acha utoto" amekwisha kuchagua upande. Dawati la jinsia na watoto lipo kwenye vituo vingi vya polisi. Kwenda huko si kuvunja ukoo. Ulikwisha kuvunjwa na aliyefanya hayo.

Hata pasipo ubaya wa namna hiyo, ipo tofauti ambayo wanaume tunaisahau. Mimi nilikaa Tabata nikaitwa mjomba anayejitafuta. Dada yangu alikaa kwa ndugu haohao miezi minne, na hakuna jioni aliyokaa kabla vyombo havijaoshwa. Kwa mwanamke godoro la sebuleni lina bei kubwa zaidi, hivyo muda wake uwe mfupi zaidi na tarehe ya kuondoka itajwe siku ya kwanza.

Nikiulizwa leo, nasema hivi. Kama shida yako ni ya ghafla na ina mwisho, kazi imekatika, umeugua, nyumba imebomolewa, nenda kwa ndugu wiki ya kwanza ukiwa bado na akiba, na utaje miezi. Kama shida yako ni ya kudumu, kipato kidogo kila mwaka, ndugu hawawezi kuiponya. Watakuchosha na utawachosha, jibane kwako na uingie kikoba. Na kama unayemtegemea amebanwa kuliko wewe, usiende kwake hata kama mlango uko wazi. Mjomba alinikaribisha mwaka ule akiwa na ada za watoto watatu, na sikujua mpaka nilipoona risiti kwenye droo ya kibanda.

Jana dada ameandika kwamba mpwa wangu amemaliza mafunzo ya ufundi umeme na anataka kuja Dar kutafuta. Nimemjibu: "Aje, godoro lipo. Mwambie ni miezi mitatu, Luku kila wiki ya pili ni yake, na asije na zawadi, hiyo hela aiache kwenye simu. Anapanda basi gani?"